Kuvuka maji mengi kwa gari la 4WD: mwongozo kwa dereva anayeanza

Masika yakiingia, maswali huwa ni yale yale. Gari langu linaweza kuingia maji ya kina gani? Nikifunga mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, usawa wa paa) nitavuka mto wowote? Niingie na gia namba ngapi? Likizima katikati nifanyeje? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia nyumbani mpaka asubuhi ya pili baada ya kuvuka. Nimeuandika kwa mwenye gari la kweli la njia mbaya: Land Cruiser ya aina ya hardtop, Prado, Hilux, Land Rover Defender na wenzao. Kama una RAV4 au Noah ya 4WD, usome pia, ili ujue kwa nini ni heri ubaki ukingoni.

Magari mengi yanayozama huwa yameshazamishwa na uamuzi uliofanyika ukingoni, kabla tairi halijagusa maji. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kupita kwenye daraja la mto Enziu, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui, Kenya, huku mto umefurika na maji yanapita juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lile lilikuwa basi zima, zito kuliko gari lolote ninalolizungumzia hapa. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kusimama na kutazama. Kuendesha kwenyewe ni kazi ya dakika mbili.

Vipimo vya kukariri

Maji yaliyotulia na maji yanayokwenda ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa maji yaliyotulia, watengenezaji hutoa kipimo cha kina. Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70, kama hardtop, zimepewa sentimita 70. Ford Ranger ya miaka ya karibuni imepewa 80, na Defender mpya yenye springi za hewa 90. Defender ya zamani, ile ambayo watu wengi huiamini kuliko zote, kipimo chake rasmi ni sentimita 50 tu. Tairi la 7.50-16, lililozoeleka kwenye hardtop, lina kimo cha karibu sentimita 80. Basi maji yakifika katikati ya rimu uko kwenye sentimita 40, na yakikaribia juu ya tairi umeshafika mwisho wa ruhusa yako.

Kwa maji yanayokwenda kasi, sahau vipimo hivyo. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, pamoja na ya 4WD. Gari likishaanza kuelea, tairi zote nne zikivuta hazina pa kushika.

Vitu vya kuwa navyo

- Fimbo imara inayokufikia kifuani, ikiwa na alama za kisu kila sentimita 10
- Kamba au mkanda wa kuvutia gari, mita 10 au zaidi, na shekeli mbili za chuma zinazolingana nao
- Sepeto, na mbao mbili nene za kuweka chini ya tairi au jeki
- Kipimo cha upepo na pampu
- Turubai gumu la kutosha kufunika grili, na mpira wa kulifungia
- Spana za plagi za oili za difu (gia za katikati ya ekseli), gia boksi na transifa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma), pamoja na oili ya akiba
- Spana ya kufungulia glo plagi (za dizeli) au plagi za moto (za petroli) za injini yako
- Gari la pili. Kama huna, basi angalau mtu wa pili anayejua unachofanya

Ukikosa chochote katika orodha hii unaweza kubuni mbadala, isipokuwa cha mwisho. Peke yako, bila gari wala mtu, usivuke maji usiyoyajua.

Ukiwa bado nyumbani

1. Tafuta mahali injini inapovutia hewa. Fungua boneti, ishike bomba inayotoka kwenye boksi la chujio la hewa, uifuate mpaka mdomo wake. Kwenye magari mengi yasiyo na mkonga, mdomo uko nyuma ya taa ya mbele au ndani ya madigadi. Pima kutoka hapo mpaka chini. Maji yasikaribie kimo hicho, hata kwa wimbi. Hewa hushindilika ndani ya silinda, maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, konrodi, yaani mkono unaoisukuma pistoni, hupinda au kuvunjika, na hapo unazungumzia injini nyingine.

2. Kama una mkonga, ujaribu. Mikonga mingi inayofungwa mitaani ni ya plastiki iliyochomekwa bila kuzibwa maungio, au bomba ya ndani haikuunganishwa vizuri na boksi la chujio. Washa injini bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa juu kwa kiganja au mfuko mgumu wa plastiki kwa sekunde chache. Injini inatakiwa ikabwe na kutaka kuzima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na hapo ndipo maji yatakapoingilia. Kagua pia kimpira kidogo cha kutolea vumbi chini ya boksi la chujio. Kikiwa kimekatika, mkonga wako ni pambo.

Na hata mkonga uliofungwa vizuri kabisa hulinda kitu kimoja: hewa ya injini. Hauongezi uzito wa gari, haulindi nyaya, na haukupi ruhusa ya kuingia mto unaokwenda kasi.

3. Kagua breza za difu, gia boksi na transifa. Hivi ni vitundu vya kupumulia. Difu ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia breza au sili. Fundi anaweza kufunga mpira mwembamba kutoka kila breza mpaka juu kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya bei ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kuifanya, kabla hujafikiria mkonga.

4. Kwenye Land Rover za zamani kuna tundu chini ya nyumba ya klachi, lenye plagi yake maalumu. Plagi hiyo hufungwa kabla ya kuingia maji na hutolewa baadaye ili oili inayovuja isijikusanye ndani. Hakikisha unayo, maana mara nyingi hupotea.

Ukifika ukingoni

5. Zima gari, shuka, usiwe na haraka. Chomeka kijiti pale pale maji yanapoishia kwenye ukingo. Kaa dakika 15. Kijiti kikimezwa, maji yanapanda: rudisha gari nyuma, lipandishe juu kabisa mahali pasipofikiwa, usubiri. Kikibaki nchi kavu, maji yanashuka na kila dakika inakufaidia.

Anga la hapo ulipo lisikudanganye. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, ufukweni mwa ziwa Natron, inakatiza makorongo yanayoshusha maji kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na milima ya jirani. Unaweza kuwa umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linachoma, na huko juu mvua ilishanyesha. Maji ya namna hiyo hufika kwa mkupuo, yakiwa yamebeba magogo na mawe. Ukisikia mngurumo, au ukaona majani na povu vinaanza kupita mahali palipokuwa patulivu, ondoka hapo mara moja. Uzuri wa makorongo ni kwamba mengi hushuka haraka kama yalivyopanda. Kusubiri kwa muda wa saa tatu hadi sita mara nyingi kunatosha, na ukilala hapo asubuhi unaweza kuvuka bila kulowesha habu, yaani kitovu cha gurudumu.

6. Yasome maji. Palipo papana na pana viwimbi vidogo vidogo mara nyingi pana kina kifupi. Palipo pembamba na pametulia kama kioo, pana kina. Kwenye kona ya mto, upande wa nje huchimbwa na upande wa ndani hujaa mchanga. Wimbi moja linalosimama pale pale bila kuhama lina jiwe au gogo chini yake.

Angalia pia upande wa pili kabla hujafikiria huu. Ukingo wa kutokea ukiwa wima, umeliwa, au ni tope jeusi la mfinyanzi, huna safari. Watu huangalia wanapoingilia, kisha hukwama mita mbili kabla ya kumaliza.

Kwenye daraja mfuto (zege la chini ambalo maji hupita juu yake mto ukijaa) au kalavati lililofunikwa na maji usiseme, "Chini kuna zege, naijua njia hii." Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Hiyo ni barabara ya lami. Maji hula udongo ulio chini na pembeni mwa zege huku juu hakuonekani kitu. Kama huoni kingo za daraja pande zote mbili, lihesabu kuwa halipo.

7. Waulize wenyeji, ila ujue unamwuliza nani. Mfugaji au mzee wa hapo atakuambia kama pana shimo jipya tangu mvua ya mwisho. Vijana wanaolipwa kusukuma magari yaliyokwama nao wanapafahamu vizuri, lakini mwombe mmoja wao atangulie kwa miguu ndipo umwamini.

8. Tembea njia yote kwa miguu, pale utakapopitisha tairi za kushoto, kisha rudi pale utakapopitisha za kulia. Shika fimbo upande maji yanakotoka, uipige chini kabla ya kila hatua. Unatafuta mambo matatu: kina, mashimo, na ugumu wa chini. Changarawe ni njema. Mchanga unaozama chini ya kisigino utazamisha tairi zaidi. Kama maji yanakuyumbisha ukashindwa kusimama, jibu umeshapewa: gari lisiingie.

Usimfunge mtembeaji kamba kiunoni ukadhani unamlinda. Akianguka, kamba iliyokazwa humvuta chini ya maji. Na mahali penye mamba au viboko, kama mito ya Rufiji, Kilombero, Grumeti na Mara, usiingie kwa miguu kabisa. Hapo unavuka tu kwenye kivuko kinachotumika, ukiwa umeona gari la aina yako likipita siku hiyo hiyo, au hauvuki.

Kuandaa gari

9. Liache gari lipoe dakika 10 hadi 15 kabla ya kuingia. Dakika zako za kijiti na za kutembea zinatosha kwa hili.

10. Funga kamba ya kuvutia sasa hivi, kwenye ndoano ya mbele, kisha ilaze juu ya boneti na uiingize mwisho wake dirishani. Likikwama, hakuna atakayepiga mbizi kutafuta ndoano chini ya maji ya matope. Kama gari la pili liko nyuma yako, funga nyingine nyuma kwa namna hiyo hiyo.

11. Fungua vioo vyote, vya umeme hasa, maana vikilowa vinaweza kugoma. Ondoa loki za milango. Kila mtu avue mkanda, kwa sababu mwendo ni wa kutembea na hatari ya hapa ni kunaswa ndani. Watoto, wazee na mizigo isiyo ya lazima vishuke, na kama kuna njia ya kuvukia kwa miguu iliyo salama, vipitie huko. Zima AC.

12. Funika grili kwa turubai, ulipitishe chini ya bampa na kulikaza. Linapunguza maji yanayoingia kwenye chumba cha injini na kukinga feni. Kwenye magari yenye feni inayozungushwa na injini moja kwa moja, mapanga yakipiga maji hupinda mbele na kutoboa rejeta. Feni ya umeme iondolewe fyuzi yake, kama huwezi kuizima vinginevyo, na usisahau kuirudisha.

13. Geuza fri habu (swichi zilizo katikati ya magurudumu ya mbele, kama gari lako linazo) kwenye LOCK ukiwa pakavu. Weka L4, yaani 4WD ya gia nzito. Kama gari lako lina loki ya difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifunge. Chini kukiwa mchanga, punguza upepo mpaka karibu PSI 20. Kukiwa mawe makali, acha upepo wa kawaida.

Kuvuka

14. Gia namba moja au mbili ya L4, uichague kabla ya kuingia, na hiyo hiyo mpaka ng'ambo. Gari la otomatiki liwekwe kwenye L au 2 ili lisibadilishe lenyewe. Mahali pa kutokea pawe chini kidogo ya pa kuingilia, maji yakusindikize badala ya kushindana nayo.

15. Ingia polepole sana. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote. Dereva anayerukia maji kwa kasi hurusha wimbi juu ya boneti, maji yanaingia kwenye mdomo wa hewa, na safari inaishia hapo. Tairi za mbele ziingie kwa mwendo wa mtoto anayetambaa.

16. Ukishakuwa ndani, ongeza mafuta kidogo mpaka mwendo wa mtu anayetembea haraka, kilomita 5 hadi 7 kwa saa, mizunguko kati ya 1,500 na 2,000. Mbele ya bampa litajitengeneza wimbi linalotangulia, na nyuma yake, kwenye injini, maji yatakuwa chini kidogo. Lisindikize wimbi hilo. Usilikimbize wala usiliache likupite.

17. Usiguse klachi. Ukiikanyaga maji yenye matope huingia kati ya sahani, na gari hupoteza mwendo wake. Usibadilishe gia. Usiachie mafuta ghafla. Macho yako yawe kwenye alama uliyoichagua ng'ambo, mti au jiwe, kwa sababu ukiangalia maji yanayokwenda mikono yako itaufuata mkondo bila wewe kujua.

18. Gari moja kwa wakati mmoja. La pili lisubiri mpaka la kwanza litoke kabisa, na dereva wake akumbuke kwamba la kwanza limemwagia ukingo maji. Wa tatu na wa nne hukuta utelezi.

19. Ukitoka, simama mahali maji hayafiki. Toa turubai upesi ili injini isichemke. Kisha endesha taratibu huku ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka uhisi zinashika. Breki za ngoma hukawia zaidi. Ajali nyingine hutokea hapa, kwenye mteremko wa kwanza baada ya mto.

Mambo yakiharibika

*Tairi zinazunguka, gari haliendi.* Acha mafuta mara moja, usichimbe shimo. Injini ibaki inawaka. Weka rivasi urudi kwenye nyayo zako mwenyewe, mita mbili au tatu, ujaribu tena. Likigoma mara ya pili, tumia kamba. Wanaofunga kamba na kusukuma wakae upande maji yanakotoka. Asisimame mtu upande wa chini, kwani gari likisogezwa linamlalia.

*Gari limeanza kuelea au kusukumwa pembeni.* Toka. Kupitia dirishani, juu ya paa, na ng'ambo kama ni karibu na mnaweza kusimama. Mizigo, simu na gari lenyewe viachwe.

*Injini imezima ndani ya maji.* Usipige stata. Najua mkono utakwenda kwenye ufunguo wenyewe, lakini kama kuna maji kwenye silinda, stata hiyo moja inaweza kupinda konrodi iliyokuwa bado nzima. Livute gari nje kwanza. Fungua boksi la chujio la hewa. Likiwa kavu, na stiki ya oili inaonyesha oili safi, unaweza kujaribu kuwasha. Chujio likiwa limelowa, toa glo plagi au nozeli zote, au plagi za moto kama ni petroli, kisha zungusha injini kwa stata. Maji yatarushwa nje kwa nguvu, kwa hiyo uso wako usiwe juu ya matundu. Rudia mpaka kusitoke kitu, funga, ndipo uwashe.

*Gari la petroli linakohoa au limezima lakini chujio ni kavu.* Mara nyingi ni umeme. Kausha nyaya za plagi, koili na distributa kwa kitambaa, pulizia dawa ya kufukuza maji, na usubiri joto la injini lifanye kazi yake.

*Injini inachemka kilomita chache baadaye.* Rejeta imezibwa na matope na majani. Ioshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, usilaze mapezi yake. Kagua pia mkanda wa feni, na kama uliondoa fyuzi, hapo ndipo utakapoikumbuka.

*Klachi inateleza au inanguruma.* Imeingia maji na mchanga. Endesha kwa utulivu bila kuipakia, ikauke. Isipopona siku hiyo hiyo, fundi aishushe gia boksi kabla klachi haijala flaiwili, gurudumu la injini inaloshikana nalo.

*Oili imekuwa kama chai ya maziwa.* Ni maji yaliyochanganyika na oili. Kama ni ya injini, usiwashe tena mpaka uibadilishe pamoja na filta. Kwa difu, gia boksi na transifa kuna njia ya kugundua mapema: asubuhi, gari likiwa limelala bila kutembea, legeza plagi ya chini kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwepo yatatoka ya kwanza. Ikitoka oili safi, kaza plagi uendelee na safari. Yakitoka maji, mwaga yote, weka mpya, na tembea kilomita chache kabla ya kukagua tena.

*Sauti ya mvumo kwenye tairi moja, wiki mbili tatu baadaye.* Maji yaliingia kwenye beringi za habu na grisi imeoshwa. Pandisha tairi kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza au likicheza, fungua habu, safisha, badilisha sili na beringi, tia grisi mpya. Siku hiyo hiyo piga grisi kwenye nipo zote za propela shafti. Kama ulivuka maji ya bahari, kwenye mikondo ya mikoko au ufukweni, kazi hii usiisubirie sauti: osha chini yote kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile, na habu zifunguliwe ndani ya wiki.